Mlango wa Nyumba ya Vigae

Usiku kucha Fina alikaa na simu mapajani, akiikodolea macho kama anayelinda maziwa jikoni yasifurike. Binti yake Nieves alikuwa hospitalini akijifungua. Alfajiri mkwewe akapiga: mtoto wa kike, wote wazima, ila Nieves amepasuliwa. Baada ya siku tatu atakuja kwa mama kulelewa uzazi.

Fina akamshukuru Mungu. Kisha akautazama mlango, furaha yake ikaingia mchanga.

Nyumba yao ilikuwa fahari ya Cabanyal, mtaa wa pwani ya Valencia. Babu wa marehemu mumewe, kibarua wa kiwanda cha vigae, alirudi kila jioni na vigae vilivyokataliwa akavibandika ukutani: majogoo ya kijani, makomamanga ya manjano, samaki wawili wenye nyusi. Kiwanda kiliviita takataka. Miaka mia baadaye wakubwa wa mji wakaviita urithi, mtu asiguse hata msumari. Heshima iliyoje! Mlango ukavimba kwa unyevu, ukakwama. Nao pia ulikuwa urithi. Tangu Februari Fina, mwenye miaka hamsini na minane na magoti mabovu, aliingia kwake kupitia dirishani, kama mwizi mwenye ufunguo.

Akampigia simu karani wa ofisi ya urithi. "Na mwenye mshono naye aruke dirisha?"

"Mama, kamati ya vibali inakaa Oktoba."

"Haya, nitauambia mshono usubiri Oktoba."

Siku ya tatu akaazima patasi, akaificha chini ya aproni. Faini haikumtisha kama Remei, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyeshinda kitini nje akiulinda mtaa bila mshahara. Mwaka jana alimshtaki Fina kwa kupaka rangi sanduku la barua.

Remei akavuka barabara, macho kwenye mpini uliochungulia aproni. "Hiyo patasi ya nini, jirani?"

"Ya kukatia jibini."

"Jibini lako limebana juu. Anzia pale." Akarudi, akageuza kiti, akampa mgongo. "Mimi leo natazama bahari."

"Bahari haionekani hapo, Remei."

"Ndiyo maana nitakawia."

Fina akachonga. Urithi ukadondoka vipande vipande miguuni pake. Teksi ikasimama, Nieves akashuka akijishika tumbo, mumewe nyuma na mtoto.

"Mama, jasho lote hilo?"

"Nyamaza, usicheke, utafumuka."

Akaupiga mlango bega. Ukalia. Akaupiga tena, ukafunguka.