Jino Moja Katika Pipa la Kengele

Mwaka 1644, kwa ajili ya mji wa Zutphen ulioko ukingoni mwa mto IJssel, mafundi walianza kusubu kengele zilizolinganishwa sauti barabara. Baadaye mji mdogo wa jirani ulijipatia zake, na mnarani mwake ndimo Geesje alimofanya kazi hadi uzeeni.

Kazi yake ilikuwa ndani ya pipa. Pipa hilo la shaba lilizunguka kabla ya kila saa kugongwa, na meno ya chuma yaliyofungwa mgongoni mwake yalivuta nyaya za nyundo, kengele zikalia zenyewe. Kila Pasaka wimbo ulibadilishwa. Mumewe, Lubbert, alipanga meno kwa nje. Geesje, kwa wembamba wake, alijikunyata ndani akikaza nati kwa spana. Lubbert akigonga mara mbili, alikuwa anauliza, "Upo?" Geesje alijibu kwa kugonga mara moja.

"Mbingu nazo ni pipa kama hili," Lubbert alizoea kusema. "Sayari ndiyo meno yake. Wimbo upo, ila sisi tumo ndani, hatuusikii."

"Basi aliye ndani ana kazi gani?"

"Kukaza nati, mke wangu."

Lubbert alifariki wakati wa Kwaresima. Wimbo wake wa mwisho ukaendelea kulia juu ya nyumba ambamo Geesje alikula mkate peke yake, na ulipolia, kwa muda huo tu, hakujiona mjane. Pasaka ilipokaribia, mpigaji kengele mpya, Evert, aliyeshika nafasi ya Lubbert, akabisha hodi.

"Mama, twende tukautoe wimbo wa zamani."

"Ingia mwenyewe."

"Kwa tumbo hili? Mtanizika na pipa!"

Geesje akaenda. Yeye alilegeza nati ndani, Evert akavuta meno nje. Evert hakugonga, alipaza sauti tu. Lilipobaki jino moja, la kengele kubwa kuliko zote, Geesje aligonga mara mbili, akasubiri.

"Nini tena huko?"

"Nati hii imeshika kutu. Haitoki."

"Tia nguvu, mama!"

"Nimesema haitoki."

Wimbo mpya ulilia kwa shangwe, na katikati yake ikaingia sauti nzito ya kengele kubwa, isiyo yake. Watoto wa sokoni wakaiita kikohozi cha Lubbert. Geesje hakuwakemea. Alisimama mlangoni, na sauti ile ilipopita, akagonga mwimo mara moja.

Pipa lile liliyeyushwa baada ya kifo cha Geesje. Kama nati ilikuwa imeshika kutu kweli, haijulikani.