Uzi Mwekundu wa Mwonjaji wa Biri

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi kwetu Bwaise, mjini Kampala, nikapiga mguu hadi Nateete, kwenye karakana ya biri iliyokuwa nyuma ya soko. Mwenye karakana alinisogelea, akaninusa mdomo, akasema nirudi kesho nikiwa na mdomo wangu mwenyewe. Nilikasirika njia nzima. Hata leo, nikiwa mzee mwenye meno ya kuhesabika, naona angeweza kusema kwa upole zaidi.

Vijana wengi hawaijui biri, kwa hiyo nianzie hapo. Ni sigara nene inayokunjwa kwa mkono, bila karatasi, majani matupu ya tumbaku ndani na nje. Ndani kuna kiini, yaani majani yaliyopangwa kwa urefu ili moshi upite. Kiini hushikwa na jani la kufungia, na juu yake huvikwa jani moja laini, bora kuliko yote, tuliloliita vazi. Biri za wakubwa zilitoka ng'ambo kwenye masanduku ya kunukia. Yetu ilikuwa ya aina moja tu, ya majani ya Bunyoro na West Nile, na ilimlenga mwalimu, karani na dereva wa lori: mtu anayevuta moja Jumamosi jioni akiwa kwenye kiti chake, na anayetaka iwe nzuri vile vile Jumamosi ijayo. Mwenye karakana alisema tajiri akipata biri mbaya atawasha nyingine, lakini karani hana nyingine, kwa hiyo karani ndiye wa kuogopwa.

Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla jeshi halijashika nchi. Nilianzia meza ya kuchana, ambako kazi ni kutoa mshipa wa katikati ya jani bila kulirarua. Kutoka hapo nikapelekwa kwenye rundo. Majani yakilowekwa kidogo na kurundikwa, hupata joto yenyewe. Unaingiza mkono hadi kiwikoni, ukiona linakaribia kukuunguza unapindua rundo zima, la chini liwe juu. Unafanya hivyo wiki baada ya wiki mpaka joto lenyewe lichoke. Hapo ndipo tunasema jani limeiva. Jani lisiloiva hukausha mdomo, huwasha koo na kunuka mkojo wa paka, na hakuna ufundi wa mikono unaoweza kulificha.

Mwaka wa pili mwenye karakana alinipandisha hadi meza ya kuonja, iliyokuwa mbele ya ofisi yake. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kampala, mkali, mwenye pua ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Alinifundisha kwamba kuonja ni kazi ya asubuhi: tumbo tupu, maji baridi ya mtungini, kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi. Unainusa biri kabla ya kuiwasha. Unakata kichwa kidogo tu, kisha unavuta kavu, bila moto, usikie kama hewa inapita. Unawasha kwa kijiti cha mbao, wala si kwa kibatari, maana harufu ya mafuta ya taa hukaa ndani ya moshi hadi mwisho. Moshi haushuki mapafuni. Unauzungusha mdomoni, kidogo unautoa puani, na unasubiri.

Biri tuliigawa kwa theluthi. Ya kwanza huwa na adabu zake, kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Ya pili ndiyo biri yenyewe, na yetu ilikuwa na ladha ya mkate uliobanikwa, karanga, na kwa mbali kahawa. Ya tatu ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu joto limekaribia mdomo na ubichi wote umekusanyika hapo. Mwonjaji mvivu huishia ya pili.

Biri ishirini na tano zilifanya fungu. Fungu likinipendeza nililifunga uzi mwekundu kwa fundo langu, na mbili za ziada ziliwekwa kabatini. Tuliziita mashahidi, ili mteja akilalamika tuonje upya mbele yake. Ndani ya fungu kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya meza ya mkunjaji. Sheria ya karakana ilikuwa fupi: biri isiyovutika ni kosa la mkunjaji, biri yenye ladha mbaya ni kosa la mwonjaji. Naomba msomaji aikumbuke sheria hiyo.

Mkunjaji wetu mkuu alikuwa mama wa Nateete tuliyemwita Nalongo, kwa kuwa alikuwa amezaa pacha. Alikunja bila kutazama, huku akitusimulia habari za kanisani kwake. Alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, na alinitania kwamba kijana wa Kinubi anayelipwa kuvuta moshi atapata wapi mke. Jina langu Rajabu hakuweza kulitamka. Kwake nilikuwa Lajabu, na nilizoea. Yeye hakuvuta kamwe. Lakini aliweza kuigusisha biri mdomoni ikiwa haijawashwa, akakwambia jani la rundo lipi.

Kisha Wahindi wakapewa siku tisini waondoke nchini. Mwenye karakana alikuja asubuhi ya mwisho na sanduku moja la nguo. Alizunguka meza zote, akaingiza mkono kwenye rundo kama kawaida, akaniambia nilipindue kesho kutwa. Alinipa kisu chake cha kukatia. Mlangoni aligeuka.

"Rajabu, uzi ule ni wako. Usiufunge kwa sababu tu mtu amesimama mlangoni."

Karakana akapewa ofisa mmoja wa jeshi, Meja. Sisi Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, tulikuwa tumepanda cheo ghafla miaka ile, na sitaki kudanganya kwamba sikufurahia. Dukani nilihudumiwa kwanza. Kwenye vizuizi vya barabarani nilisema maneno mawili ya Kinubi nikapita, na wenzangu wakabaki wamekaa chini kwenye vumbi. Meja aliniita mtu wa nyumbani. Hakuwa mtu wa kelele. Alipenda mzaha na viatu vyake vilimeta. Ila hakujua lolote kuhusu tumbaku, na hakuna aliyethubutu kumfundisha.

Ramadhani ya mwaka uliofuata ndipo mambo yalipoharibika. Enzi za Mhindi mwezi huo nilipumzishwa kwenye kuonja, akaonja yeye. Sasa hakuwapo. Meja alipiga marufuku kula na kuvuta ndani ya karakana mchana, kwa wote, Waislamu na Wakristo. Kisha akaagiza mafungu arobaini kwa karamu ya Idi ya maofisa wenzake. Rundo lililoiva lilikuwa limekwisha. Lililobaki lilikuwa na wiki tatu tu, na lilihitaji nyingine nyingi.

Nalongo alikunja alivyoagizwa. Alipomaliza fungu la mwisho alikuja mezani kwangu na biri moja mkononi.

"Lajabu, hii majani iko bado na moto. Wewe ngoja kwanza, Idi ipite, uonje asubuhi."

Nilimjibu kwamba Idi haimngoji mtu na Meja hangoji Idi. Hakubishana. Akasema "kale" tu, yaani haya kwa Kiganda, kwa namna ya mama aliyemwonya mtoto akakataliwa.

Niliamua kuonja magharibi, baada ya futari. Ndilo kosa langu la kazi, na ni mwonjaji aliyefunga saumu tu angeweza kulifanya. Nilikuwa nimekula tende, nimekunywa uji wenye sukari na chai ya karafuu na tangawizi. Ile chai iliyonirudisha nyumbani siku ya kwanza. Baada ya siku nzima bila moshi, kichwa kilikuwa chepesi na kila kitu kilikuwa kitamu. Theluthi ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Dereva wa Meja alikuwa amesimama mlangoni akichezea funguo za gari. Sikuifikia theluthi ya tatu. Nilifunga uzi mwekundu mara arobaini, na fundo likatoka safi.

Siku ya tatu baada ya Idi Meja alikuja na askari wawili. Mgeni wake mkubwa kwenye karamu alikuwa ameshikwa na kikohozi na kutapika mbele ya watu, na mtu mmoja akatamka neno sumu. Meja alitusimamisha wote. Mkononi alikuwa na kikaratasi cha namba, na kidoleni kulikuwa na uzi wangu umening'inia. Uzi hakuujali.

"Nani nakunja hii?" akauliza.

Hapo ndipo pa kusema. Sheria ya karakana niliijua. Nilijua pia kwamba ameuliza swali ambalo silo, na kwamba jibu la kweli la swali lake si jina langu. Nikaliacha lipite. Nalongo alinitazama, akangoja kidogo, kisha akajifuta mikono kwenye gauni lake la gomesi.

"Ni mimi, ssebo."

Walimpeleka. Sisi wengine tulirudi kwenye meza na kukunja majani, kwa sababu hakuna aliyetuambia tuache.

Nilinyamaza siku mbili. Nilijiambia atarudi jioni, halafu kesho. Nilijiambia kwamba nikisema nitawaponza watu wa nyumbani kwetu. Yote hayo yalikuwa uoga, na niliujua kwa jina lake wakati ule ule. Usiku wa pili sikulala. Asubuhi sikunywa hata maji. Nikafungua kabati, nikachukua shahidi mmoja kati ya wawili wa fungu moja la Idi, nikaingia ofisini kwa Meja na kuomba ruhusa ya kuvuta mbele yake.

Nilivuta theluthi zote tatu. Ya kwanza tu ilinitosha kujua nilichofanya. Ulimi ulikauka kama nimelamba majivu. Katika ya tatu macho yalinitiririka na koo likawaka, nami nikaendelea mpaka vidole vikaungua. Nikaweka kishungi kwenye sahani.

"Si sumu, afande," nikasema. "Ni ubichi. Aliyekunja hana kosa. Mimi ndiye mwonjaji, na uzi uliokuwa kidoleni kwako ni wangu."

Sikusema ni nani aliyeharakisha majani. Kulikuwa na kiasi cha ukweli ambacho chumba kile kingeweza kubeba. Meja aliisogeza sahani kwa kidole, na nikawaza kuhusu mama yangu. Kisha akacheka kidogo, bila furaha.

"Wewe mutu ya nyumbani. Enda kazi."

Hivyo tu. Kosa lile lile, la mwenzangu likawa hujuma, langu likawa la kuchekwa. Nilitoka nikiwa mzima na sijawahi kujionea aibu kiasi kile.

Nalongo aliachiwa siku nne baadaye. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havifungi tena. Nilikwenda kwake na sukari, ambayo siku zile ilikuwa vigumu kupata, nikapiga magoti mlangoni kama wanavyofanya Waganda kwa wakubwa wao. Nilimweleza yote, pamoja na siku mbili. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikuthubutu kuomba. Aliuliza shahidi wa pili yuko wapi. Nikasema kabatini. Akasema nimletee, nikampelekea.

Niliendelea na kazi hiyo chini ya mameneja wengine watatu, wawili wanajeshi na mmoja raia, mpaka vita vilipofika mjini na karakana ikavunjwa milango. Baadaye nilifanya kazi kwenye ghala la kahawa, nikionja vikombe, na huko ndiko nilikostaafu. Lakini tangu siku ile hadi karakana ilipofungwa, hakuna fungu nililolifunga kabla sijalipeleka kwanza kwa Nalongo. Aligusisha biri mdomoni, akatikisa kichwa au akakubali. Mshahara wake wa kukunja ulikwisha, huo wa kuonja nilimgawia kutoka kwangu, na hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Wajukuu huniuliza kama nimewahi kuvuta biri ya watu wakubwa. Nimevuta. Ni nzuri. Yetu, ikiwa imeiva, ilikuwa imekaribia sana, na karani wa Nateete alijua hivyo bila kufundishwa na mtu.

Nalongo alifariki juzijuzi, akiwa mtu mzima sana. Baada ya mazishi mmoja wa pacha wake alinipa kibahasha, akasema mama aliagiza nipewe mkononi. Ndani kulikuwa na yule shahidi wa pili, amefungwa uzi mwekundu. Fundo halikuwa langu. Lilikuwa legevu, limefungwa kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, nilikunywa maji baridi nikainusa biri ile. Nikavuta kavu. Mkate uliobanikwa, karanga, kahawa kwa mbali. Harufu ya ubichi ilikuwa imeondoka yote. Majani yale hayakuwa mabaya hata kidogo, yalitaka kusubiriwa tu, kama alivyoniambia. Palipotakiwa kusubiri niliharakisha, na palipotakiwa kuharakisha nilisubiri siku mbili. Sikuiwasha.