Nambari ya Mzee Barasa

Siku isiyonitoka akilini, mwanangu, ni ile niliyoenda Tongaren na Kevin, mtoto wa kaka yangu, tukamkuta nyanya yake mzaa mama akigeuza mahindi kwenye turubai uani, na mahindi yenyewe yameshaota ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki baada ya wiki, wakati kila mtu alitarajia jua la kuvuna. Ukitia mkono ndani ya gunia ulisikia joto, na harufu ilikuwa mbaya. Hicho kilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Yule mama hakulia, na hilo ndilo lililonikata maini.

Wacha nianze mwanzo, maana wewe unaingia kazini juma lijalo, na naambiwa hiyo AI utaikuta inakungoja kwenye kompyuta.

Kevin alikuwa akikaa kwangu hapa Tuwan, Kitale. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Wakulima wa kwao walikuwa wamepata mashine ya kukaushia mahindi, moja tu kwa watu wote hao. Wakamwomba kijana wao awaandikie programu ya kutuma ujumbe kwa simu: zamu yako ikifika unaitwa, unaleta magunia. Tena kulikuwa na ugomvi, kwamba wajanja wanajiandikisha mara mbili ili wapate zamu mbili. Kevin akaiambia AI iandike programu yote na iwaondoe waliojirudia.

Aliifanyia hapo mezani pangu, akinywa chai huku AI inaandika yenyewe.

"Senge," akaniambia, maana huku kwetu shangazi ni senge, "hii ingenichukua mwezi. Ona, imemaliza."

"Umeisoma?"

"Ah, Senge. Si nimeijaribu na inafanya poa?"

Nilimuuliza hivyo kwa sababu na mimi nilifunzwa kwa ukali. Nilipokuwa msichana nikipiga taipu katika ofisi moja ya serikali Bungoma, nilimpelekea mkubwa wangu barua iliyonyooka, haina doa. Akanirudishia bila kuitazama. "Mikono yako imeshaandika," alisema. "Sasa nenda uisome kama wewe ndiwe utakayeipokea." Nilimchukia yule mzee, nikamwita mkoloni moyoni. Leo ningempata ningemshukuru. Kevin nilimsimulia hayo yote, akatabasamu vile nyinyi vijana mnavyotutabasamia, akafunga kompyuta yake.

Sasa sikiliza. Kule Tongaren simu si ya mtu mmoja. Nyanya yake Kevin hakuwa na simu, kwa hivyo alijiandikisha kwa nambari ya jirani yake, Mzee Barasa wa kanisani, na wazee wengine wa pale karibu walifanya vivyo hivyo. Simu ikilia, Barasa anavuka ua kwenda kuwaambia. Kila mtu huko anajua, na Kevin alijua kuliko wote, kwa sababu nyanya huyo ndiye aliyemlea, na hata habari ya kuchaguliwa kwenda shule ya upili ilimfikia kwa simu hiyo hiyo.

AI haikujua, na ingejuaje? Iliona nambari moja imejirudia, ikadhani ni mtu mmoja anayejaza majina, ikabakisha Barasa peke yake. Wala haikuficha. Iliandika pale chini, waziwazi, kwamba imechukua kila nambari kuwa mkulima mmoja, ikamwomba Kevin athibitishe. Akathibitisha bila kusoma.

Barasa aliitwa, akakausha. Wale wengine walipoona kimya, walienda wenyewe kwenye mashine wakapiga kelele hadi wakapewa nafasi. Nyanya alikataa. "Hiyo ya kuita watu imeandikwa na Kevin," alimwambia Barasa. "Itaniita tu." Akaketi kungoja.

Hayo ya nyanya kukataa na kungoja tulielezwa na Barasa njiani, kabla hatujafika uani. Nilimwona Kevin uso unambadilika. Tulipofika, hata hakuwahi kusema neno, nyanya akamtangulia.

"Kevin, usikasirike, mjukuu wangu. Labda iliniita nikiwa shamba. Nimekuharibia kazi yako, bana, mbele ya watu."

Kevin akainama akamsaidia kugeuza mahindi ambayo sote tulijua yatatupwa. Mimi nilisimama pale nikingoja aseme ukweli, kwa kuwa lilikuwa neno lake, si langu. Tukiwa tunarudi akaniambia, "Nitamwambia Krismasi, Senge. Nitamletea mahindi mazuri nimwambie."

Nyumba ilipokosa chakula, binti yake nyanya alimchukua mama yake akamhamishia kwake Kapsokwony. Baridi ya mlimani ilimkuta na kifua kilichokuwa kikimsumbua tangu zamani, na Krismasi hakuiona. Siku ya mazishi binti yake alituambia kwamba mama alizidi kuuliza, hadi mwisho, kama Kevin bado amekasirika.

Programu ilirekebishwa, inafanya vizuri, na wakulima wanaisifu. Kevin anaendelea kuitumia AI, na sasa anasoma kila mstari hadi macho yanamuuma. Mbele yangu hajamtaja nyanya yake tena.

Mwanangu, sikukatazi hiyo AI. Itumie, ikupunguzie mzigo. Lakini kabla kazi yako haijawafikia watu, isome, na ujiulize ni nani wa kwenu itakayemwacha nje. Ieleze AI yale unayoyajua wewe uliyelelewa hapa, kwa sababu usipoyasema itakisia, na kukisia kwake kutapita kwa jina lako. Watu wakikuamini, jua kwamba wengine wataketi kungoja kwa sababu ni wewe.

Mungu akupe kazi nzuri na mikono ya haraka, akupe na subira ya kurudi nyuma ukatazame. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe moyo wa kusema "ni mimi" siku hiyo hiyo, mwenye kukusikia angali hai.