Uzazi wa Ng'ambo ya Bonde

Harufu ya udongo mwekundu uliofukuliwa ukiwa bado na umande, ikichanganyika na moshi wa magugu mabichi, hunirudisha milimani kwetu, upande wa Mlalo, mwaka ule wa matuta. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetuamuru tulime kwa matuta ili mvua isiuchukue udongo. Bwana shamba alipopita kukagua na fimbo yake, akina mama walimsema kwa Kishambaa huku wakimchekea, maana alikuwa mtu wa kuja na hakuelewa hata neno. Baba alikuwa tambarare, kwenye mashamba ya mkonge. Sasa milima yetu ina vituko vyake. Mtu wa ng'ambo ya bonde unamwona mpaka maua ya kanga yake, lakini ukitaka kumfikia ushuke hadi mtoni, uvuke, upande tena, na jua liwe limeshahama. Kwa hiyo tulizungumza kwa kupaza sauti. Msiba, mbuzi aliyepotea, chumvi iliyokwisha, habari zote zilivuka bonde kwa makoo ya watu. Jambo moja tu halikupazwa, nalo ni uzazi. Mimba haikutajwa hadharani, sembuse uchungu. Sisi watoto tuliambiwa kwamba vichanga hununuliwa Tanga, nasi tukajifanya tunaamini.

Mama yangu alikuwa mkunga. Hapakuwa na nyumba kwenye mteremko wetu ambamo hakuwa amepokea mtoto, isipokuwa moja, nayo ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Hiyo ilikuwa nyumba ya mama mdogo Zubeda, mke wa pili wa baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilimchukia Zubeda kwa niaba ya mama, bila hata kuombwa. Wenyewe walisalimiana kila asubuhi kwa adabu kubwa, basi, yakaishia hapo. Zubeda alipopata mimba yake ya kwanza, watu wakamtia maneno kwamba mke mwenza akikupokelea mtoto, wivu wake humdhuru mtoto. Akaapa kwamba atakwenda kuzalia kwa mama yake, ng'ambo ya bonde. Siku alipoondoka nilipewa mimi kazi ya kumbebea mzigo. Mama, jembe begani, alimtazama mara moja tu akasema, "Zubeda, umechelewa. Tumbo limeshashuka." Naye akajibu, macho chini, "Dada, Mungu atanifikisha." Mama akageuka. Akashika njia ya shamba.

Njiani Zubeda akaanza kusimama kila baada ya muda, akishika mti, akisema kiatu kinambana. Kiatu gani, jamani, na alikuwa pekupeku! Nilikuwa nimekua nyumbani kwa mkunga, nilijua nilichokiona. Nilinyamaza kwa sababu mtoto mwenye adabu hasemi mambo hayo, na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilifurahi kidogo kumwona akiteseka. Nilisema moyoni, akome. Mungu anisamehe. Tulivuka mto, tukaanza kupanda, na katikati ya mlima, mahali panapotazamana kabisa na mashamba yetu, akapiga magoti kando ya njia na maji yakamtoka. Hapakuwa na nyumba karibu wala mpita njia. Akanikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. "Hawa, usimwite mama yako. Niapie." Nikaapa haki ya Mungu. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na chuki yangu yote ikaniishia pale pale. Nikaona atakufa, na mimi ndiye niliyepewa kumfikisha. Nikageuka, nikaikaza kanga kiunoni, nikavunja kiapo kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Maamaa! Mama mdogo anazaa! Yuko njiani hapa, anazaa!"

Majembe yote yalisimama. Walikuwapo wanaume kule, alikuwapo bwana shamba, na mama mkwe wa kaka yangu, mtu ambaye mama hakuthubutu hata kukohoa mbele yake. Kukawa kimya. Kisha sauti ya mama ikaja, nzito, imenyooka. "Hawaa! Unaona kichwa?" Nikajibu naona nywele. "Mwambie asisukume kwa pupa! Ahemee mdomoni! Tandaza kanga! Kipokee, usikivute!" Maneno ambayo hayajawahi kusemwa nje ya mlango uliofungwa yalikuwa yanavuka bonde mchana kweupe, na wanaume wakageuka kutazama mlima mwingine. Zubeda alisikia kila neno. Nilidhani atanipiga. Badala yake akaanza kuhema vile alivyoambiwa na mke mwenzake.

Mtoto akaja ghafla, akateleza mikononi mwangu, wa kiume, rangi ya zambarau, kimya. "Halii!" nilipaza. "Mama, halii!" Mama akajibu palepale: "Mgeuze ubavu! Mfute! Msugue mgongo kwa kanga, kwa nguvu!" Nikasugua. Bado. "Mfyonze mdomo na pua kwa mdomo wako, uteme! Usione kinyaa, ni ndugu yako!" Nikafyonza, nikatema, nikafyonza tena, chumvi na ute, huku machozi yakinitoka. Akapiga chafya. Kisha akalia, sauti ndogo ya hasira, na Zubeda akalia pamoja naye. "Usikate kitovu! Mlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunike, ampe ziwa! Nakuja!" Nikamwona akitupa jembe na kuanza kuteremka mbio, yeye ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, na nyuma yake vigelegele vikapanda mlima mzima.

Alipofika, jua lilikuwa limehama kweli. Alimpangusa Zubeda uso kwanza, ndipo akatazama mengine. Kondo la nyuma likatoka salama, kitovu akakikata baadaye, tulipofika kwa bibi wa mtoto, kwa wembe wake aliouchemsha huko. Wazee walimsema miezi, eti ameanika siri za wanawake mbele ya wanaume. Aliwajibu kwa methali moja tu, "Mficha uchi hazai," akaendelea na matuta yake. Zubeda alizaa watano wengine, wote mikononi mwa mama.

Leo wajukuu zangu huenda kliniki tangu mimba changa, hutaja miezi yao mbele ya baba zao bila kupepesa, na uchungu ukianza mmoja hupiga simu Lushoto, gari likaja. Siitamani zamani ile hata kidogo. Wanawake walizikwa kwa sababu ya aibu. Wajukuu hao hupenda kumsifu mama yangu, kwamba alikuwa na moyo usio na wivu, na kwamba watu wa siku hizi hawako hivyo. Mimi huwaacha wamalize, kisha huwaambia nilichosikia mwenyewe. Nilimuuliza siku moja, amekwisha kuzeeka, kama siku ile alifikiria kukaa kimya. Alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama. "Nilifikiria," akasema. "Ulipoita, nilikaa pumzi moja nzima nikifikiria. Na yule mtoto akazaliwa hana hata hiyo moja."