Viti vya Mbele

Mwalimu wa takwimu huwa hapangusi chaki mikononi mpaka ubishi uishe. Leo, mbele ya kikao cha chuo, amechora ubaoni grafu ya nguzo za nchi mbalimbali kuonyesha idadi ya wanawake waliofikia uprofesa kamili. Nguzo ya nchi yao ni kisiki kitupu.

"Lakini jirani yetu mmoja tumempita, mama," mwenyekiti akasema, meno nje.

"Mwanao akiwa wa pili kutoka mwisho, utampigia vigelegele eti yupo aliyeshika mkia?"

Hakurudi nyuma alikokaa miaka yote. Akajibwaga mstari wa mbele, kwenye viti vyenye mito.

"Hivyo ni vya maprofesa kamili!" mwenyekiti akang'aka.

"Najua." Akatua mkoba kwenye kiti cha pembeni. "Na hiki namshikia mwanamke mwenzangu."

Ndipo akapangusa chaki.