Sauti Nyembamba Kutoka Kutulo

Nisameheni kwa mwandiko mbaya na makosa ya tahajia. Niliishia shule ya msingi. Mtu alinipigia simu kutoka Kutulo, akasema yeye ni kaka yangu na nimuuze ngamia wake. Sauti ilikuwa nyembamba mno. Nikashuku ni tapeli.

Fundi wa redio hapa Bura akanieleza, "Sauti ni mawimbi mengi yaliyochanganyika. Simu hukata yale mazito. Lakini mluzi ni karibu wimbi moja tu, hupita mzima."

Yule wa Kutulo alipopiga tena nilikuwa zizini, kando ya ngamia huyo. Nikamwambia, "Walaal, ndugu yangu, piga mluzi wako wa kunyweshea ngamia."

"Umekuwa polisi siku hizi?" Akacheka, akapiga.

Ngamia akageuza shingo kuelekea simu. Yeye aliamini. Mimi nikasema, "Njoo umuuze mwenyewe."

Je, simu imewahi kukubadilishia sauti ya ndugu yako? Tafadhali niandikie.