Kishingo Wangu wa Mwezi wa Sita

Juzi mama muuza vifaranga alitua tenga lake mlangoni kwangu hapa Nzuguni, Dodoma, akaniuliza, "Dada, nikupe wa aina gani?" Nikabaki nimeduwaa. Swali dogo tu, lakini mwenzangu, lilinirudisha mpaka kwa Bibi, kule milimani kwenye miombo.

Watu wakisikia Dodoma wanadhani ni jua na vumbi. Thubutu! Njoo mwezi wa sita, upepo ukishuka kwenye ile miti, uone kama hutaoga kwa kulazimishwa. Kuku wa Bibi walilala jikoni, ndani ya nyumba ya tembe, jirani na mafiga, na nafasi ilikuwa ya kuku sita basi. Kwa hiyo kila mwaka, mtama ukishavunwa, Bibi alikaa kwenye kigoda akachagua wa kubaki. Alimshika kuku, akampapasa kifua, akampuliza manyoya. Ngozi ikionekana upesi, huyo hafai. Wa kwanza kubaki alikuwa daima kuchi wake mwekundu, mtetea mrefu, mtagaji hodari, aliyemlea tangu kifaranga. Alimwita "mke mwenzangu", na walizozana kweli kama wake wenza.

Mwaka huo, nikiwa darasa la tatu, aliniambia, "Wa sita chagua wewe. Atakuwa wako."

Nikachagua kishingo. Mweusi, shingo tupu kabisa, kama aliyeanza kunyonyolewa akatoroka. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akitazama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu ni wa kule kwenye joto, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Baridi itamchukua."

"Ndiye ninayemtaka."

"Umeshasema?"

"Nimesema."

"Haya."

Nilimpenda kishingo yule jamani, sijui kwa nini. Nilikata mkono wa sweta langu la shule nikamvalisha shingoni. Wenzake wakamkimbia siku nzima. Bibi alicheka hadi machozi, halafu akanichapa kwa ajili ya sweta.

Baridi ilipoanza, mwalimu wangu akaja kututembelea. Kwetu mgeni halishwi mlenda mtupu wakati kuku wanatembea uani, na Bibi alikuwa na kanuni yake: mgeni huchinjiwa yule ambaye baridi haitamwacha. Jirani aliniangalia kwa huruma. Nilitumwa kuni, nikaenda huku nalia njia nzima.

Niliporudi, harufu ya supu ilinipokea. Nikampita mwalimu bila shikamoo, kosa ambalo kwetu mtoto hakulifanya mara mbili, nikaingia jikoni. "Umemchinja! Ulisema ni wangu!"

Bibi aliinua tenga lililokuwa pembeni. Kishingo alikuwa chini yake, anadonoa mtama. Ndipo nikatazama kwenye beseni. Manyoya yalikuwa mekundu.

"Ulichagua, nikakubali," alisema, akikoroga supu bila kunitazama. "Sasa nenda kamwamkie mwalimu wako."

Nilikula nyama ile kwa shida. Bibi hakuigusa, alisema jino linamsumbua.

Wiki mbili baadaye, asubuhi moja yenye ukungu, nilimkuta kishingo amekakamaa kando ya mafiga. Baridi ilikuwa imemchukua, vilevile kama Bibi alivyosema. Nikasimama pale nikisubiri aniambie, "Si nilikuonya?" maana alikuwa na kila haki. Amepoteza mtetea wake bora, na huyu wangu naye hayupo. Bibi alimtazama kuku, akanitazama mimi, akachukua jembe, tukaenda kumfukia nyuma ya nyumba. Hakusema chochote siku ile, wala mwaka ule, wala hadi tulipomzika yeye.

Siku hizi nimezungukwa na watu wanaojua mambo, na nikikosea kidogo tu wananikumbusha walivyonionya. Wananionya vizuri, sikatai. Lakini wa kuniacha nichague vibaya, hasara akaibeba yeye, kisha akanyamaza, sijampata tena.